Mwito wa Tatu Katika Milima ya Shimba

Baba mkwe wangu alikuwa mwashi. Alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa kuvuta vumbi la chokaa tangu ujana wake alipata pumu, ambayo ilimjia zaidi penye baridi na unyevu. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonitia hofu kabla hatujaondoka Msambweni, na hofu nyingine zote za safari ile zilijengwa juu yake kama mawe juu ya msingi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Sisi watu wazima kadhaa tulikuwa tukisoma jioni katika chumba kilichopata kuwa ghala ya mbata, yaani nazi zilizokaushwa, na ambacho hakikuacha kamwe kunuka mbata. Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli, na nilitaka kusoma kila kitu. Baba mkwe alijua kusoma Kurani, na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko mzuri kuliko wangu wa leo. Alilolitaka ni herufi za Kizungu, kwa kuwa michoro ya majengo sasa ililetwa kwa herufi hizo. Mimi niliketi benchi la mbele, yeye la nyuma kabisa. Hatukupanga hivyo kwa maneno. Haifai mkwe akuone ukikosea ubaoni, na haifai zaidi wewe umwone yeye.

Mwalimu wetu alikuwa Mtaita, Mkristo, mtu aliyekulia milimani, na aliamini kwamba jiografia hujifunzwa kwa miguu. Alikuwa ametufundisha kwamba upepo wa bahari ukipanda mlima hupoa, na ukipoa huwa ukungu na mvua. Akasema twende tukauone. Tungelala Kwale katika bweni la wageni, tungetembea siku nzima katika milima ya Shimba mpaka kwenye maporomoko ya maji, tungelala tena, tungerudi. Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, na hata huku pwani kundi la wanaume wanaoingia msituni lilitazamwa kwa jicho la pili. Mwalimu aliomba ruhusa kwa chifu, akapewa kwa masharti: tusiwashe moto, tusipige kelele, na jua lisituchwelee nje ya bweni.

Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Asubuhi ya kuondoka alinipa sweta ya sufu ya baba yake, imekunjwa ndani ya kanga.

"Usimwambie avae," alisema. "Ukimwambia, atasema wewe ndiye unayeona baridi. Mpe mkononi, kisha geuka utazame kwingine."

"Haya."

"Na umrudishe."

"Nitamrudisha, inshallah."

"Inshallah ni ya Mungu. Yako wewe ni kumrudisha."

Lori la mbata lilitushusha kwenye njia panda ya Kwale, na kutoka pale tukapanda kwa miguu. Baba mkwe alitembea polepole akisimama mara kwa mara kutazama mashamba ya watu, na mimi nilijua kwamba hatazami mashamba. Anatafuta pumzi. Nami nikasimama nyuma yake kwa umbali wa heshima, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Miongoni mwetu alikuwamo mchuuzi mmoja wa Matuga, rika la baba mkwe, aliyekuwa amehamia Msambweni kwa biashara ya ng'onda, samaki waliokaushwa. Ndiye pekee aliyeweza kumtania baba mkwe. Alimwita mzee mwenzangu, na baba mkwe alimwita mtu wa Matuga, kana kwamba hilo lilitosha kuwa tusi.

Bweni lilikuwa nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bati, nyuma yake migomba, na nyuma ya migomba msitu. Mwangalizi wake alikuwa mama wa Kidigo mwenye sauti kavu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatuonyesha mlango kabla hajatuonyesha vitanda.

"Komeo hili si pambo," alisema. "Ndovu hushuka hapo nyuma kula migomba yangu. Jua likitua, mlango ufungwe. Anayetoka kwenda chooni asitoke peke yake."

"Na ndovu akija, mama, atapiga hodi?" aliuliza mtu wa Matuga.

"Hodi utapiga wewe, ukija mbio."

Baada ya sala ya magharibi mimi na mtu wa Matuga tulikwenda jikoni, kibanda cha nje, kuchukua uji. Wenzetu walibaki ndani, na baba mkwe alikuwa amekaa karibu na mlango. Tuliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Mtu wa Matuga, aliyebeba sufuria kwa matambara mawili, aliita, "Tufungulie, mzee mwenzangu." Kimya. Akaenda dirishani, akaita. Kimya. Akazunguka upande wa pili, akaita tena, na sauti yake sasa ilikuwa na hasira. Ndani nilisikia kijana mmoja akisema awafungulie watu, na sauti ya baba mkwe ikimwambia akae chini.

Wakati huo, nyuma ya nyumba, nilisikia mgomba ukikatika. Haukukatika kama unavyokatwa kwa panga. Ulikuwa mlio mrefu, wa maji, kama nguo nzito inayochanwa polepole. Kisha mwingine.

"Simama hapa hapa mlangoni," nilimnong'oneza mtu wa Matuga. "Muite vizuri."

Akasimama, akaita mara tatu. Katika ya tatu komeo likavutwa. Tuliingia kwa mabega.

"Mzee mwenzangu," mtu wa Matuga alisema alipokwisha kutua sufuria, "ni jini gani abebaye uji?"

"Wa Matuga," alijibu baba mkwe.

Watu walicheka sana. Baba mkwe akangoja kicheko kiishe, akaeleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza kipimo cha chokaa kwa mchanga. Mama yake alimfundisha hivi: ukiitwa gizani au msituni, usiitikie mara ya kwanza wala ya pili. Kisichokuwa mtu huita mara moja, kikahama, kikaita kutoka pengine, mpaka kijue uliko. Lakini mtu mwenye haja nawe husimama mahali pamoja akakuita hata mara ya tatu. Mwalimu alisema kwamba hata kwao Taita wapo wazee wenye maneno ya namna hiyo, akatabasamu, akamimina uji. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuweza kumcheka mkwe mbele yake, na pia kwa kuwa masikio yangu yalikuwa bado nyuma ya nyumba.

Asubuhi kulikuwa na umande mwingi na baridi ambayo watu wa Msambweni hatuijui. Nilimpa baba mkwe sweta, nikageuka nikatazama mlima. Nilipogeuka tena alikuwa ameivaa.

Mwanzo wa njia ulikuwa mzuri. Tulipita mbuga za majani juu ya vilima, tukaona palahala weusi wamesimama mbali, pembe zao zimepinda nyuma, na mwalimu akatuonyesha bahari, na mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba wa Diani. Sikuwahi kuiona nchi yetu kutoka juu. Kisha njia ikateremka msituni, na mazungumzo yakapungua yenyewe. Palikuwa na miti iliyovuliwa magome, na matawi mabichi chini. Karibu na maporomoko tulikuta mavi ya ndovu yanafuka moshi.

Mtu wa Matuga aliyachokoa kwa fimbo. "Mwenyewe hayuko mbali," alisema. "Chai yake haijapoa."

Tulitazama maporomoko kwa muda mfupi kuliko tulivyokusudia, tukaanza kupanda. Adhuhuri ilitukuta kwenye kijito, tukatawadha na kusali, huku mwalimu akitungoja kando na kofia yake mkononi. Tulipotaka kuondoka baba mkwe alisema, "Tangulieni. Nina haja ndogo."

Hapa sina budi kueleza desturi yetu, maana asiyeijua atauliza kwa nini sikubaki. Mkwe akienda kichakani, mkwewe hasimami karibu. Hatazami upande ule, wala hasogei mpaka mahali anapoweza kusikia. Mtoto wake wa kumzaa angeweza kumngoja. Mimi nilikuwa mume wa mtoto wake. Kwa hiyo nilipanda na wenzangu mpaka kwenye jiwe kubwa pale msitu unapokoma na majani yanapoanza, na wote tukaketi tukikipa kijito mgongo, kama adabu inavyotaka. Na kwa sababu tulikuwa tumekipa kijito mgongo, nyuso zetu zilielekea baharini, tukauona ukungu unapanda.

Ulikuja juu ya kilima ukiwa umelala chini, mweupe, bila sauti. Mwalimu alifurahi. "Hili ndilo somo," alisema. "Upepo wa bahari, mlima, baridi." Alikuwa bado anasema wakati uso wake ulipoanza kufifia. Punde nilimwona mtu wa Matuga, aliyekaa bega kwa bega nami, kama kivuli nyuma ya pazia, kisha nikawa ninamjua kwa pumzi zake tu.

Ndipo tukasikia ndovu. Watu hudhani ndovu hutambulika kwa baragumu. Tulichosikia kilikuwa mngurumo wa chini, kama jiwe la kusagia linalozungushwa ndani ya chumba kilichofungwa, ukitoka bondeni, kati yetu na kijito. Kisha matawi. Walikuwa wengi, na walipita taratibu kama watu wanaotoka msikitini. Mwalimu alinishika mkono, na kwa kunibana vidole alinikataza kusema. Nilikuwa na neno moja tu kinywani, na sikulisema. Walipopita, kimya kilichobaki kilikuwa kizito kuliko kelele zao. Baba mkwe hakutokea.

Mwalimu alipanga utafutaji vizuri, nami sijaona kasoro katika hesabu yake mpaka leo. Tusipige kelele, alisema, kundi lisije likarudi. Alikuwa na filimbi shingoni. Tungeshikana nguo tukaenda kwa safu. Angepiga filimbi mara moja, tungesikiliza. Tungesogea, angepiga tena. Hivyo tungelizunguka eneo lote bila kuacha pembe. Tukafanya hivyo. Mlio mmoja, kimya, hatua, mlio mmoja. Ukungu ulikuwa unadondoka kutoka kwenye majani kama mvua.

Kando ya kijito nilikanyaga kitu laini. Kilikuwa kubadhi moja la baba mkwe, limekwama katika tope. Nilitambua ukanda wake kwa sababu ndimi niliyemshonea, kwa uzi wa kiti cha baiskeli. Karibu nalo kulikuwa na unyayo wa ndovu, mpana kama sinia, na maji yalikuwa bado yanauingia.

Nililibeba kubadhi lile chini ya kwapa. Hatukuona damu, wala nguo. Mwalimu alisema hivyo kwa sauti ya kututuliza, nami nikajiona nampangia mke wangu maneno. Nilijaribu kuanza na ukungu. Nikajaribu kuanza na desturi. Kila nilivyoanza, aliniuliza swali lile lile: na wewe ulikuwa wapi?

Tukazunguka tena. Filimbi, kimya. Ukungu ulianza kuchanika, lakini mwanga nao ulikuwa unapungua, na tulijua kwamba alasiri imeingia. Tulirudi karibu na kijito, na mwalimu akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunalingoja na kuliogopa: hatuna budi kurudi Kwale kutoa habari. Askari wa wanyama wangekuja asubuhi. Tukikaa zaidi, angepoteza watu wengine, na ruhusa ya chifu ilikuwa ya mchana tu.

"Atalala huku?" nilisema. "Na kifua kile?"

Mtu wa Matuga alikuwa amechuchumaa, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mzaha katika sauti yake. "Kama yu hai," alisema, "mbona haitikii? Filimbi hii ingesikika mpaka Matuga."

Nilimtazama, na nilichokiona ni yeye mwenyewe jana yake, mikono inaungua, anahama kutoka mlangoni kwenda dirishani.

"Hatujamwita," nilisema.

"Tumemwita tangu adhuhuri, kijana."

"Tumepiga mlio mmoja tukahama. Tukapiga mwingine tukahama. Hatujamwita."

Mtu wa Matuga alifumba macho. Mwalimu alichelewa kidogo kuelewa, kisha akaishika filimbi kifuani kama mtu anayeficha kitu. "Ndovu wangali karibu," alisema. "Ukipaza sauti, uwe tayari kukimbia."

"Nikikimbia, sitakuwa nimemwita."

Nilisimama juu ya jiwe tambarare kando ya kijito. Palikuwa na tatizo jingine, ambalo wenzangu wa pwani walilijua bila kuambiwa: ningemwitaje? Jina la mkwe halitamkwi na mkwewe. Baba peke yake ni neno la watu wote, na kisichokuwa mtu kingeweza kulisema. Lililobaki ni kumwita kwa mtoto wake, yaani kulitaja kwa sauti, mbele ya wanaume, jina la mke wangu, ambalo hata ndani ya nyumba nililitamka kwa sauti ya chini. Nikaita: baba wa fulani, kwa jina lake.

Sauti ilikwenda ikarudi. Upande wa kushoto, si mbali, tawi likavunjika.

Wenzangu walirudi nyuma hatua kadhaa. Nilisikia mwalimu ananong'ona nishuke. Nikatazama chini kuhakikisha kwamba sijasogea, maana niliogopa kwamba nikisogea hata shubiri moja hesabu itaanza upya. Nikaita mara ya pili. Mngurumo ulijibu, ule wa jiwe la kusagia, mara hii mfupi, kama wa mtu aliyeamshwa. Nililibana kubadhi kwapani. Muda kati ya mwito wa pili na wa tatu ndio ninaoukumbuka kuliko yote ya safari ile. Sikuogopa ndovu peke yake. Niliogopa kwamba nitaita mara ya tatu, na hakutakuwa na sababu nyingine iliyobaki ya kimya chake.

Nikaita.

"Naam," alisema baba mkwe.

Alikuwa karibu. Alikuwa ng'ambo ya kijito, umbali wa uwanja wa msikiti, katika pango dogo kati ya mawe mawili lililozibwa na magugu, na tulikuwa tumepita mbele yake mara mbili. Alitoka kwa mikono na magoti, akasimama, akakung'uta kanzu. Mguu mmoja ulikuwa mtupu.

"Kubadhi langu unalo?" aliniuliza.

Niliingia majini kumlaki, nikampa kwa mikono miwili. Alilivaa palepale majini, kisha tukapanda, haraka na bila neno, na mngurumo ukabaki nyuma yetu bondeni.

Tulipofika kwenye majani, penye mwanga, mtu wa Matuga alimgeukia. "Mzee mwenzangu, umetuua. Kutwa nzima twakutafuta."

"Mlikuwa ninyi?" alisema baba mkwe. Alisimama. Kifua chake kilikuwa kinalia kama bawaba kavu ya mlango. "Kilichokuwa kinapiga filimbi, kilikuwa ninyi?"

"Nani mwingine?"

"Kilipiga huku, kikapiga kule. Hakikupiga mahali pamoja mara mbili. Kikawa kinakaribia." Alivuta pumzi. "Ndovu nilikwisha kuwasahau. Nilikuwa nimejificha msinione ninyi."

Mwalimu aliivua filimbi shingoni akaitia mfukoni, na sikumwona nayo tena. Wakati tukitembea niliona kwamba mkono wa sweta ya baba mkwe ulikuwa umelowa na kutatuka karibu na kiwiko. Baadaye kidogo nikafahamu. Pumu ilikuwa imemshika mle pangoni, na kikohozi kikamjia, na kila filimbi iliposogea alikiuma kikohozi ndani ya sufu, ili sisi tusimsikie.

Tuliwahi bweni kabla ya jua kutua. Mama mwangalizi alituhesabu kwa macho, akafunga mlango yeye mwenyewe. Kesho yake tulishuka, tukangoja lori sana, na tulifika Msambweni giza likianza kuingia. Baba mkwe alifuatana nami hadi kwangu. Mlango ulikuwa umefungwa, na taa ilionekana chini yake.

Nilibisha, nikaita. Ndani palikuwa na kimya. Nilisikia nyayo zake zikija, zikasimama nyuma ya mlango. Nikaita mara ya pili. Baba mkwe alikuwa nyuma yangu, na pumzi zake zilikuwa na sauti ile ya bawaba, na nilijua kwamba mke wangu anazisikia, na kwamba bado hatafungua. Sikusogea. Nikaita mara ya tatu.

Alifungua, akaniangalia mara moja tu, kisha akatazama nyuma ya bega langu, na uso wake ukalegea. Alimwamkia baba yake, akambusu mkono, akamvua sweta. Aliinua mkono wa sweta karibu na taa, akaupitisha kwenye vidole.

"Nini kimeitafuna?" aliuliza, akinitazama mimi.

"Miiba," alisema baba mkwe, kabla sijafungua kinywa. Kisha akaketi juu ya mkeka, akaomba maji ya moto.